Mapazia ya Madirisha Manne

Simu ya mjomba ilimkuta Kiokote ameshika kola ya shati la mteja, na kola ndiyo sehemu ya shati isiyotaka mazungumzo. Akaibana simu kati ya sikio na bega, pasi mkononi ikitoa mvuke.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Sikiliza, nina haraka. Mama yako anapanda basi keshokutwa.”

“Anakuja kunitembelea?”

“Kutembelea nini? Anakuja kukaa. Binamu yako anaoa mwezi huu, mwali atataka chumba. Nikamwambia, dada, unang’ang’ania nini hicho chumba cha uani na binti yako ana nyumba nzima mjini? Akacheka, akasema kweli. Hivi ninavyokwambia kitanda chake ameshakigawa.”

“Amegawa kitanda?”

“Kitanda, masufuria na kabati. Huko kwako si kuna kila kitu? Picha si tunaziona?”

Harufu ndiyo iliyomzindua. Alipoinua pasi, kola ilikuwa na doa la kahawia lenye ncha. Msimamizi wao, mama mmoja mwenye pua kali kuliko ya paka, alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta.

“La nani hilo?”

“Namba arobaini na mbili.”

“Namba arobaini na mbili ni wakili,” msimamizi akasema, akiuma meno. “Atakapokuja jioni utatoka wewe umweleze, mimi simo. Mfukoni mwa nani litatoka shati jipya, hilo unalijua.”

Jioni Kiokote akatoka, akamweleza wakili, akasikilizwa kimya mbele ya wateja wengine watatu. Wakili hakufoka. Alimuuliza tu kama huko alikosomea pasi walimfundisha kwamba simu nayo hunyooshwa. Watu wakacheka. Siku nyingine naye angecheka, maana utani ulikuwa mzuri, lakini siku hiyo mawazo yake yote yalikuwa kwenye kitanda kilichogawiwa.

Nyumba nzima! Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tatu, hatua tano kwa nne, choo cha wote mwisho wa korido na bomba la wote uani. Alikuwa na dirisha moja. Dirisha hilo lilikuwa zuri, hilo lazima lisemwe. Asubuhi jua liliingia kwa ukarimu kana kwamba nalo linalipiwa kodi, na chochote ulichokiweka kwenye kizingiti chake kilionekana kama kitu cha watu wenye nafasi.

Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, Kiokote alipita soko la vikorokoro nyuma ya stendi na kununua kitu kimoja tu. Ndiyo asili ya jina ambalo wenzake kazini walimbandika. Alishanunua birika la bluu lisilo na mfuniko, kioo kilichomeguka pembe, stuli, taa ya mezani ambayo haijawahi kuwaka, na kikombe chenye picha ya samaki aliyefutika mkia. Vitu hivyo alivipenda kweli. Hakuvinunua kwa kujionyesha, alivinunua kwa sababu jioni, ukirudi kutoka kusimama kwa saa kumi mbele ya mvuke, ni vizuri kuwe na kitu kinachokungoja. Alivisafisha, akaviweka penye mwanga, akavipiga picha na kuzituma kwenye kundi la familia. “Kona yangu ya chai.” “Hapa ndipo ninaposomea.” “Sebuleni leo.” “Upande wa kulala.”

Usiku ule alizipekua picha za mwaka mzima akitafuta uongo wake uko wapi, na hakuuona, labda hilo neno “sebuleni,” nalo alilisema kwa utani. Ila kila wiki, kwa kuwa ukuta ulikuwa umebabuka na dirisha lilikuwa lile lile, alitundika kitambaa kingine ili picha isichoshe: leo cha njano, wiki ijayo cha maua, mara cheupe, mara cha mistari. Huko kwao pazia ni la dirisha lake na halihami mpaka lichanike. Nani angefikiri kwamba kuna mtu duniani anayebadilisha pazia kama anayebadilisha blauzi? Watu walihesabu vitambaa, wakapata madirisha manne. Kisha wakagawa madirisha kwa vyumba.

Alitaka kumpigia mama usiku ule ule amwambie. Akashika simu. Lakini alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka miwili na miezi, na kitu ndani yake, kitu kisicho na haya, kilikuwa kinafurahi. Mama anakuja. Akaiweka simu chini.

*

Mama alishuka kwenye basi Alhamisi jioni akiwa na sanduku moja na furushi kubwa lililofungwa kwa kamba, ambalo hakukubali mtu mwingine alibebe. Walikumbatiana hapo hapo kati ya matairi na wapiga debe. Mama alimnusa binti yake shingoni kama alivyokuwa akimnusa utotoni kujua kama ameoga.

“Unanukia sabuni ya watu,” akasema.

“Ndiyo kazi, mama.”

“Na umekonda. Nyumba kubwa huchosha kuifagia, najua.”

Kiokote akafungua mdomo, akaufunga. Njiani akaufungua mara mbili tena. Wakafika kwenye ngazi, wakapanda, mama akipumzika kila ghorofa na kuuliza, “Bado?” Kwenye ghorofa ya tatu akauliza, “Haya, au unaishi na malaika?” Kisha mlango ukafunguliwa, taa ikawashwa, na mama akaingia akisema hodi ingawa hapakuwa na wa kumjibu.

Aliona birika, akalishika. Aliona stuli, akaikalia kidogo na kuinuka. “Ndicho hiki kikombe cha samaki! Maskini, kumbe mkia hana kweli.” Alikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu aliokuwa akiwasikia tu. Akazunguka, na mzunguko haukuchukua muda.

“Chumba chako kizuri,” akasema. “Sasa nionyeshe na kwingine, miguu ikiwa bado ina moto.”

“Mama, ni hapa.”

“Hapa nini?”

“Hapa hapa. Yote ni hapa.”

Mama akalitazama dirisha. Akaliendea, akagusa kizingiti kwa kidole kimoja.

“Hili si la jikoni?”

“Ndilo.”

“Na la sebuleni?”

“Ndilo hilo hilo, mama.”

“Na lile lenye pazia la mistari, niliposema hapo ndipo nitakapolala, wewe ukanitumia kicheko?”

Kicheko hicho Kiokote alikikumbuka. Alikituma akiwa kazini, mkono mmoja kwenye pasi, akidhani mama anatania.

Mama akakaa kitandani akafungua furushi. Ndani mlikuwa na mapazia, jozi nne, yameshonwa kwa mashine na kumaliziwa kwa mkono. Ya jikoni yalikuwa mepesi, ya drafti. Ya sebuleni mazito, rangi ya zambarau, yenye bitana. Ya chumba cha binti yalikuwa na maua madogo. Jozi ya nne ilikuwa nyeupe na imedariziwa ukingoni kwa uzi wa kijani, na hakuhitaji kusema ni ya chumba gani. Alikuwa ameyashona kwa miezi mitatu, vipimo akivikisia kwa kulinganisha dirisha na birika kwenye picha.

Akayatazama. Mabega yakaanza kumtetemeka, na Kiokote akadhani analia, akapiga magoti. Kumbe anacheka.

“Basi tutakuwa tunabadilisha,” mama akasema, akijifuta macho. “Mjini hapa si ndivyo mnavyofanya?”

*

Walilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa huku na miguu kule, na Kiokote alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu aondoke kwao. Hapo ndipo penye uchungu wa mambo haya: alikuwa ameula wa chuya, na bado alikuwa na raha. Aliporudi kutoka kazini alikuta chai. Alikuta mtu anayemuuliza, “Leo umeungua wapi?” na kumpaka mafuta kwenye kifundo cha mkono.

Lakini nyumba ile ilipangishwa kwa kichwa. Mwenye nyumba, mama mnene aliyekaa ghorofa ya chini na kusikia hatua zote zilizopanda ngazi, alikuwa ameandika mlangoni kwa rangi nyekundu: CHUMBA KIMOJA MTU MMOJA, MAJI SI YA KUGAWIWA. Mgeni aliruhusiwa siku mbili. Kwa hiyo kuanzia siku ya tatu mama alifundishwa kuishi kwa kunyata. Asishuke bombani mwenye nyumba akiwa barazani. Asikohoe kwenye korido. Akienda chooni avue viatu. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, aliyelea watoto wa kaka yake mpaka wanaoa, alipita koridoni na viatu mkononi kama mwizi wa mahindi.

Na mjomba alipiga simu kila siku. Asubuhi moja Kiokote alimkuta mama yake kwenye foleni ya choo, ndoo mguuni, simu sikioni, anaongea kwa sauti ya chini.

“Kizuri, kaka. Kinaangalia barabara... Ndiyo, peke yangu. Bafu? Limo humu humu ndani, nikiamka nageuka tu.” Akamwona binti yake, akageuza uso ukutani. “Haya, nisalimie mwali. Mwambie chumba kile mvua ikinyesha kinavuja upande wa mlango, asiweke nguo pale.”

Alipokata simu, Kiokote akasema, “Mama, njia ya mwongo ni fupi.”

“Nani mwongo? Mimi sijadanganya, nimeeleza picha zako.”

Foleni ikasogea. Mama akainua ndoo yake na kuingia.

*

Jumapili asubuhi hawakuwa na pa kukimbilia. Walikaa kitandani miguu imenyooshwa, jua likiwa limefika magotini. Mama alikuwa ametundika yale mapazia meupe.

“Unajua,” akasema, “mimi nilikuwa nimeshahamia humu zamani. Tangu ile picha ya taa.”

“Umehamia vipi?”

“Kichwani. Nikimaliza kazi za wifi yangu, nikilala, naanza. Naingia mlangoni. Mkono wa kulia jikoni, pale penye birika. Nachemsha maji. Napita sebuleni, wewe umekaa kwenye stuli unasoma, sikusemeshi. Halafu kuna ujia mdogo.” Akaonyesha ukutani, mahali palipobabuka. “Hapa. Nafika kwenye mlango wangu. Naufunga.”

“Unafanya nini ndani?”

“Sifanyi kitu. Nimefunga mlango, basi. Tangu baba yako afe sijawahi kufunga mlango mtu asiufungue bila kubisha. Watoto, wifi, mtu anatafuta ungo, mtu anatafuta koleo. Hawana ubaya, nyumba ni yao. Ila nilikuwa natamani nisikie tu mtu anasema hodi, na mimi niamue.”

Kiokote aliutazama ukuta. Naye alikuwa na nyumba yake ya kichwani, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa hiki hiki chumba, kimepakwa rangi, na mama ndani. Aliona aibu jinsi nyumba yake ilivyokuwa ndogo kuliko ya mama.

Wakaenda sokoni. Wauza vikorokoro walikuwa wametandika maturubai, na Kiokote akawa anamwongoza mama kama mwenyeji: huyu ana vioo, huyu usimwamini kwa saa, huyu ukimsifia kitu chake anapandisha bei. Mama alivishika vitu kwa tahadhari, anavigeuza, anavinusa. Kwenye turubai la mwisho akaokota kitasa cha mlango, chenye kishikio cha udongo mweupe, na ufunguo wake umefungwa kwa waya.

“Mama ana jicho,” akasema muuzaji. “Hicho ni cha zamani, siku hizi hawatengenezi.”

“Ufunguo unageuka?”

“Jaribu.”

Ukageuka, ukalia. Mama akaugeuza tena, huku na huku, mara nyingi kuliko inavyohitajika kujua kama ni mzima.

“Nitakununulia,” Kiokote akasema.

“Cha nini? Mlango kwanza, kitasa baadaye.” Akakirudisha kwenye turubai polepole, na walipofika mwisho wa soko bado alikuwa akipangusa vidole vyake kwenye nguo.

*

Siku ya nane, Alhamisi, Kiokote aliruhusiwa kutoka mapema kwa kuwa umeme ulikatika na pasi zote zikafa. Alipoingia uani akamkuta mama yake ameinama kwenye beseni, mikono imejaa povu, anakamua shuka. Shuka la waridi lenye ua kubwa katikati. Nguo ya namna hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu katika nyumba ile.

“Mama, hilo si la mwenye nyumba?”

“Punguza sauti.”

“Kwa nini unafua shuka la mwenye nyumba?”

Mama akaendelea kukamua. Alieleza bila kuinua kichwa. Jumatatu mwenye nyumba alimkuta bombani, akamuuliza yeye ni mgeni wa nani. Alichanganyikiwa, akasema si mgeni, ni mfuaji, anamfulia yule binti wa juu. Mwenye nyumba akafurahi, akasema binti huyo kumbe ana maisha, mpiga pasi aliyeajiri mfuaji! Akamletea na zake. Tangu siku hiyo alikuwa akizipokea.

“Siku nne unamfulia?”

“Nikishika nguo zake hanifukuzi. Na maji natumia yake, haandiki kichwa changu. Mahesabu yangu yametimia.”

“Yametimia! Mama yangu mzazi anakuwa mfuaji kwenye nyumba ninayolipa kodi!”

“Kwani wewe unafanya nini kila siku? Hunyooshi za watu?”

Hilo lilikuwa kweli, na Kiokote akapandwa na hasira. Akamnyang’anya mama shuka, akalibeba likimchuruzika mapajani mpaka barazani.

“Yule ni mama yangu,” akasema.

Mwenye nyumba alikuwa anakunywa chai. Akalitazama shuka, akamtazama msichana.

“Nani mama yako?”

“Anayekufulia. Si mfuaji. Ni mama yangu mzazi, anakaa nami tangu wiki iliyopita.”

Kikombe kikarudi kwenye sahani. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, alikuwa na vyumba kumi na nane, tangi moja na bili ya maji iliyomzidi kimo. Lililomchoma kwanza halikuwa hata maji.

“Yaani umeniacha nimfulishe mama wa mtu mashuka yangu ya kitandani? Mtu mzima kama yeye? Unataka nipate laana?” Akasimama, akaenda mpaka ukingoni mwa baraza. “Dada, njoo. Acha hiyo kazi. Njoo nikuombe radhi.”

Mama akaja, mikono inachuruzika. Mwenye nyumba akamshika yote miwili, akaomba radhi kwa dhati. Akamkaribisha kiti, akammiminia chai. Alipomaliza hayo yote akasema, kwa sauti ile ile ya upole:

“Lakini kanuni ni kanuni. Nikimwachia mmoja, kesho kila chumba kitajaa mashangazi. Mwisho Jumapili, mwanangu. Zaidi ya hapo mtafute pengine.”

Mama akanywa chai yake yote, maana si adabu kuiacha.

*

Ijumaa na Jumamosi Kiokote alitafuta. Vyumba vya watu wawili vilikuwapo, na kila kimoja kilitaka kodi ya miezi sita mkononi. Kimoja kilichotaka ya miezi miwili tu kilikuwa nyuma ya gereji na hakikuwa na dirisha hata moja. Dalali alikisifia kwamba hakiingizi vumbi. Kiokote alisimama mlangoni mwake kwa muda, akaona haya hata kukifikiria, akashukuru na kuondoka.

Aliporudi, sanduku lilikuwa limeshafungwa. Mama hakutaka mjadala. Alisema amemaliza kutembea, mgeni siku mbili, yeye amekaa kumi, jembe hakupewa lakini beseni amepewa. Wote wawili wakacheka kicheko kibaya.

Stendi Jumapili asubuhi ilikuwa imefurika. Sanduku likapakiwa tumboni mwa basi pamoja na furushi la mapazia, juu yake magunia ya watu na baiskeli. Mama akabaki na mkoba wake wa mkononi. Ndipo akampigia kaka yake, akaweka simu kwenye sauti ya juu kwa sababu ya kelele.

“Kaka, narudi leo.”

“Unarudi wapi?”

“Nyumbani. Ngazi zimenishinda. Magoti yamevimba. Binti amenililia nibaki, nimekataa mimi.”

“Dada, mwali ameshaingia. Utalala wapi?”

“Popote. Hata stoo.”

“Uache chumba chenye bafu ndani uje kulala na magunia? Mpe simu huyo binti yako.”

Mama akampa, na kwa mkono wa pili akambana kifundo, pale pale penye makovu ya pasi. Macho yake yalisema neno moja tu: ngazi. Sema ngazi.

“Mjomba.”

“Mwanangu, nitakuuliza mara moja. Umemfukuza mama yako?”

Hapo ndipo Kiokote alipoliona jambo lote lilivyo. Akisema ni ngazi, atabaki na nyumba yake ya vyumba vinne kwenye simu za watu wote, na mama atalala kwenye magunia akiwa mwanamke asiyetaka raha, au mama aliyefukuzwa na mwanawe. Atalala hapo mpaka lini? Picha zitaendelea, na mama atazieleza.

“Mjomba, nina chumba kimoja,” akasema.

Mama akambana zaidi. “Nyamaza.”

“Kimoja vipi?” mjomba akauliza. “Na yale madirisha?”

“Dirisha moja. Nabadilisha vitambaa. Choo ni cha watu wote. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, mwenye nyumba ametukataza. Mama hana tatizo la magoti. Mimi ndiye niliyeona haya kuwaambia, na yeye akanifichia.”

Kwenye simu wakasikia kuku wa huko nyumbani.

“Sasa wewe, dada,” mjomba akasema mwishowe, na hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, “siku zote hizo ulikuwa unaniambia nini?”

Mama akaligeukia basi. Mjomba akasema atapiga baadaye, azungumze na mkewe. Nyuma yake sauti ya kike ilikuwa tayari inauliza, “Kimoja? Chumba kimoja?” Kisha simu ikakatika.

“Umenivua nguo,” mama akasema.

“Nisamehe.”

“Nimeaga mtaa mzima. Niliwaambia majirani, nendeni mkalale kwa wakwe zenu, mimi naenda kulala kwa mwanangu. Sasa nirudi na uso gani?” Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta. “Ungeniachia hizo ngazi. Ngazi hazina aibu.”

“Nilitaka wakupe kitanda, mama. Nilitaka wajue huna pa kulala.”

“Najua sina pa kulala! Nani anayejua kuliko mimi?”

Kondakta akagonga ubavu wa basi. “Mama, unapanda hupandi?”

Mama akaweka mguu kwenye ngazi ya basi. Akasimama hivyo, mguu mmoja juu mmoja chini, watu nyuma yake wakisonya. Kiokote alitaka kusema neno la kumzuia, lakini neno la kumzuia lilihitaji chumba nyuma yake, naye alikuwa nacho kimoja tu, nyuma ya gereji, kisicho na dirisha. Akalisema hivyo hivyo.

“Kuna chumba. Cha watu wawili. Kodi yake nitaiweza, ila hakina dirisha.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

“Kina mlango?”

“Kina mlango.”

Mama akashusha mguu. “Nishushie mzigo wangu,” akamwambia kondakta.

“Mzigo uko chini ya magunia ya watu, mama. Nikuondolee baiskeli nne kwa ajili ya sanduku? Panda au baki.”

“Basi nenda nao. Atakayeupokea huko ni kaka yangu, mwambie mwenyewe nimebaki.”

Basi likarudi nyuma kwa honi nyingi, likageuka, likaondoka na nguo zake, sanduku lake na mapazia yote manane. Mama alilitazama mpaka likakata kona. Akavuta kamasi, akauweka mkoba vizuri kwapani, akamgeukia binti yake, ambaye alikuwa amesimama tu, analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

“Haya, twende,” akasema. “Unasubiri nikuonyeshe njia? Mji si wako huu?”